Stara ya Uani na Njia ya Upepo



Neno ua latutumikia mara tatu katika lugha yetu. Ua ni kizuizi cha miti, makuti au mawe kinachozunguka nyumba ya mtu. Ua ni uwanja ulio ndani ya kizuizi hicho, ambako mama hufua, hupika na kupumzika baada ya alasiri. Na ua, lile ambalo wingi wake ni maua, ni asumini na kilua zinazochanua humo. Wazee wetu hawakuona mgongano baina ya matatu haya. Kizuizi kilikuwapo, mapumziko yalikuwapo, na harufu ya asumini ilifika hadi kitandani kwa kuwa upepo uliichukua. Katika nyumba nyingi tunazojenga leo cha kwanza kimebaki, na viwili vya mwisho vimeondoka. Kuta zimepanda, na uani hakukaliki.

Msimu wa kaskazi uliopita tulifunga safari kutoka Kisauni hadi Amu, akina mama pamoja na mabinti zetu, kwa nia ya kuwazuru jamaa. Njiani tulijiwekea kazi moja: kuangalia, kila tulipotua, jinsi watu wa pwani walivyomstiri mtu bila kumnyima pumzi. Tunayoyaandika hapa ndiyo tuliyoyaona.

Ukuta na joto lake

Safari ilianzia nyumbani kwetu wenyewe. Katika mitaa mipya ya Mombasa bara, mtu hununua kiwanja cha futi 40 kwa 80, akajenga nyumba katikati, kisha akauzungusha ukuta wa matofali ya saruji usio na hata tundu moja. Jirani akijenga ghorofa, naye huongeza mabati juu ya ukuta. Nia ni njema, kwani stara ya watu wa nyumba ni amana. Lakini tuliketi katika ua mmoja wa namna hiyo saa nane za mchana, na hata jani la mpapai halikutikisika. Nguo zilizoanikwa tangu asubuhi bado zilikuwa na unyevu mishonini. Moshi wa jiko la makaa ulipanda kidogo, ukarudi, ukatuzunguka. Bibi wa nyumba alituambia kwamba yeye na binti zake hawatoki uani ila kwa kazi. Muda uliobaki hukaa chumbani chini ya feni, na umeme ukikatika hukaa gizani wakijipepea kwa kipepeo.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Mwanamume akishikwa na joto hutoka barazani au msikitini. Mtoto wa kiume huenda uwanjani. Mama, binti aliyebaleghe, mzazi aliye katika siku arubaini, na bibi mwenye pumu, uani ndiko nje yao. Ukuta ukiua upepo wa uani, ni hao walionyang'anywa nje hiyo. Ukuta uliojengwa kwa ajili yao umewarudisha chumbani.

Tena hewa iliyosimama huleta madhara mengine. Kuvu huota nyuma ya kabati na katika mabuibui yaliyokunjwa. Mbu hupenda mahali palipotulia, na Mombasa imekwisha kupatwa na milipuko ya homa ya dengi, ambayo mbu wake huuma mchana na huzaliana katika maji safi ya ndoo, mapipa na sahani za vyungu vya maua. Mkaa uwakao pasipo hewa hutoa sumu isiyoonekana wala kunukia, iwezayo kumuua mtu usingizini.

Kwa nini pwani haiwezi kuishi bila upepo

Wenzetu waliokwenda Hija au Umra wameona Madina ilivyo kavu. Huko jasho hukauka kabla mtu hajalihisi, na usiku jangwa hupoa. Katika nchi kavu za namna hiyo, ua wenye kuta ndefu una manufaa yake: hewa baridi ya usiku hushuka humo ikatuama, na kivuli cha kuta huilinda hadi adhuhuri. Baadhi yetu huona picha za nyua hizo nzuri, tukadhani kwamba tukizijenga Bamburi au Likoni zitatupoza vivyo hivyo.

Pwani yetu haiko hivyo. Hewa imejaa mvuke wa bahari mwaka mzima, na usiku hupungua joto kwa nyuzi chache tu. Mwili hujipoza kwa jasho kukauka, na jasho haliwezi kukauka upesi katika hewa iliyokwisha kushiba maji. Kinachotuokoa ni upepo, ambao huiondoa ile hewa nzito iliyoganda juu ya ngozi na kuleta nyingine mahali pake. Kivuli peke yake hakitoshi. Mtu aliye kivulini pasipo upepo hutota jasho, na mtu aliye kivulini penye upepo hulala.

Mola ametupa pepo mbili. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki kuanzia mwisho wa mwaka hadi kama mwezi wa Machi. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki kuanzia Aprili hadi Septemba au hata baadaye. Zaidi ya hizo kuna upepo wa kila siku utokao baharini mchana. Atakayezitazama vizuri ataona kwamba zote hukutana upande mmoja, upande wa bahari, mashariki. Ajengaye ukuta mzima wa mashariki bila tundu amezifungia mlango pepo za mwaka wote.

Dini yetu nayo haikuusahau mwili uliochoka kwa joto. Suratun Nur, inapotufundisha kubisha hodi, imetaja nyakati tatu ambazo hata watoto na watumishi wa nyumbani hawana budi kuomba ruhusa kabla ya kuingia, na mmoja kati ya hizo ni wakati wa adhuhuri watu wanapoweka kando nguo zao. Basi faragha na mapumziko ya mchana zimetajwa pamoja. Nyumba inayotoa ya kwanza na kunyima ya pili imefanya nusu ya kazi.

Roshani za Mji wa Kale

Kabla ya kuondoka Mombasa tulipita Mji wa Kale. Roshani za mbao zilizotokeza juu ya vichochoro zina asili ya Bara Hindi, na nyingi zilijengwa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Nyingine zimezibwa kwa kimia cha mbao, vijiti vilivyopishana vikaacha matundu madogo. Tulisimama chini mchana tukatazama juu, hatukuona ila kiza. Tulipokaribishwa juu, tuliona kila mpita njia hadi rangi ya leso yake, na upepo ukitupitia usoni.

Siri yake si ukubwa wa tundu peke yake, ni mwanga. Jicho lililo juani haliwezi kusoma kilichomo kivulini, lakini aliye kivulini huona kilicho juani. Kwa hiyo kimia humstiri aliye upande wenye kiza. Usiku mambo hugeuka: taa ikiwashwa ndani, wa nje ndiye aonaye. Ndiyo sababu nyuma ya kimia hutundikwa pazia jepesi la kushushwa magharibi, au taa ikawekwa upande wa kimia na kuelekezwa chini, si nyuma ya mtu aliyeketi.

Njia ya Kilifi na magofu ya Gede

Kuanzia Kilifi kuelekea Malindi tuliona bado nyua za makuti ya kumba, yaani kuti zima lililosukwa na kufungwa kwenye fito. Aliye mbali huona ukuta kamili. Aliye ndani husikia upepo ukichuja katikati ya majani, ukipunguza nguvu bila kusimama. Tulitambua hapo tofauti kubwa. Upepo ukikuta ukuta mzima huruka juu yake, na nyuma ya ukuta hubaki hewa iliyotulia, au kizunguzungu cha vumbi na moshi. Ukikuta kizuizi chenye matundu, sehemu yake hupita taratibu na kumfikia mtu aliyeketi nyuma yake. Ua wa kumba ulikuwa wa maskini na wa tajiri pia, na gharama yake ni kubadilisha makuti yakichakaa. Tuliuacha kwa kuona haya, si kwa kuwa ulishindwa kazi.

Gede tuliingia asubuhi. Mji huo wa mawe ulioachwa msituni ulitangazwa kuwa mahali pa kumbukumbu ya taifa mwaka wa 1927, ukachimbuliwa na James Kirkman kuanzia mwaka wa 1948, na mwaka wa 2024 ukaingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mabinti zetu walifurahishwa na majina ambayo wachimbuaji waliwapa nyumba kwa vitu walivyovikuta, kama Nyumba ya Mkasi. Sisi tuliangalia nyua. Mbele ya vyumba vingi mna uwanja mwembamba uliochimbwa ukawa chini kuliko sakafu ya vyumba, na ukingo wake ni kama baraza ya kukalia. Tukaketi. Aliyeketi mahali palipoteremka huhitaji ukuta mfupi zaidi wa kumficha, na ukuta mfupi huuachia upepo nafasi ya kushuka. Mwenye kutaka kuiga hilo leo asisahau mfereji wa maji ya mvua, maana masika ya pwani hayana huruma kwa shimo lisilo na mahali pa kutolea.

Nyumba za Amu

Kutoka Malindi tulipita Garsen na Witu hadi Mokowe, tukavuka kwa mashua. Mji wa kale wa Lamu, ambao wenyewe huuita Amu, uliingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2001, na watu wake wangali wakiishi katika nyumba zile zile za mawe ya matumbawe na boriti za mikoko. Tulikaribishwa mtaa wa Mkomani na bibi mmoja mzee, jamaa wa upande wa mama.

Mlango wa nyumba hizo haumpeleki mgeni moja kwa moja ndani. Kwanza yuko dakani, mahali pa kukaa wanaume na wageni wa haja fupi. Kisha huingia tekani, na njia huvunjika: hugeuka kabla ya kufika kiwandani, kwa maana ya kale ya neno hilo, uwanja wa ndani ulio wazi juu. Mlango ukiwa wazi kutwa, apitaye njiani haoni ila ukuta. Upepo haujali kona moja. Jicho ndilo linaloshindwa nayo, kwani jicho huenda moja kwa moja na hewa hupinda. Hapo tukapata funguo ya safari yetu yote.

Mbele ya kiwanda imepangwa misana, vyumba virefu vyembamba vilivyo wazi upande wa uwanja. Upana wao haupiti sana mita 3, kwa sababu boriti ya mkoko haivuki mbali zaidi bila kupinda. Wembamba huo una baraka yake: hewa iingiayo upande mmoja haina safari ndefu. Kuta ni nene, dari ziko juu, na joto hupanda likamwachia mtu nafasi. Chooni tulionyeshwa birika la maji lenye visamaki vidogo, walinzi wa kale dhidi ya viluwiluwi vya mbu.

Jiko lilikuwa juu kabisa, ili moshi usipite katika vyumba. Huko juu ndiko tulikokaa baada ya alasiri. Kuna ukuta mfupi unaomficha aliyeketi. Juu yake, kwenye nguzo, kuna paa la makuti. Na katikati ya ukuta na paa pameachwa wazi. Kaskazi iliingia ikipita juu ya vichwa na mabegani, ikapeperusha mitandio yetu. Bibi yetu, akitwanga iliki, alituambia, "Mato yafungiwe ndia, wanangu. Upepo uatwe upite."

Lakini hakutuficha huzuni yake. Nyumba ya jirani imepandishwa ghorofa moja zaidi kwa ajili ya wageni wa kukodi, na sasa dirisha lake hutazama moja kwa moja juu ya dari hiyo. Upande huo imebidi atundike turubai. Penye turubai, upepo umekufa. Zamani, alisema, mtu aliyetaka kupandisha ukuta alimwuliza kwanza wa ubavuni. Nyumba ziliegemeana, na baina ya jamaa hata njia ilivukwa kwa wikio, chumba kilichojengwa juu ya kichochoro, kikiwapa wanawake njia ya kutoka nyumba moja kwenda nyingine bila kushuka barabarani. Mtume, rehema na amani zimshukie, alitukataza kumzuia jirani kuweka boriti katika ukuta wetu. Mwenye kulifikiri hilo hatakosa kujiuliza kuhusu ukuta unaomkatia mwenziwe hewa, na dirisha linalomvunjia stara.

Tulichorudi nacho

Si kila mtu anaweza kujenga nyumba ya matumbawe. Lakini mwenye kiwanja cha futi 40 kwa 80 na ukuta uliokwisha kusimama anaweza kufanya mengi, na mengine kwa gharama ndogo.

Kwanza, upepo unahitaji milango miwili. Tundu la kuingilia upande wa mashariki halifai kitu kama upande wa pili hakuna pa kutokea. Afadhali safu moja ya matundu kila upande kuliko dirisha kubwa upande mmoja.

Pili, tazameni kimo. Aliyesimama njiani, jicho lake liko kama mita moja na nusu kutoka ardhini au zaidi kidogo. Aliyeketi uani anahitaji upepo chini ya hapo, usawa wa kifua na magoti. Basi sehemu ya katikati ya ukuta na ibaki nzima, na matundu yawekwe chini, na tena juu ya kichwa cha mtu mrefu. Matofali ya chini yakipangwa kwa mshazari, kila moja likimpa mgongo mpita njia, hata mtoto anayeinama hataona ila ubavu wa tofali.

Tatu, igeni tekani. Mbele ya lango jengeni ukuta mfupi wa kusimama peke yake, hatua chache ndani, ulio mpana kuliko lango. Lango la vyuma vya kimia likae wazi kwa upepo. Jicho litagonga ukuta huo na kurudi.

Nne, chagueni miti kwa umbo lake. Mnazi na mwarubaini uliopogolewa matawi ya chini hutoa kivuli juu na kuacha njia wazi chini. Mhina hupunguzwa ukawa ua mwembamba upitishao hewa, na majani yake hayakosi kazi penye arusi. Asumini na itambae juu ya kimia cha fito, wala si juu ya ukuta mzima. Msongamano wa mimea minene iliyobanwa ukutani hushika unyevu na kuwapa mbu makao.

Tano, kwa wanaotazamwa kutoka ghorofani, kupandisha ukuta hakusaidii kitu, kwa kuwa jicho la juu huvuka ukuta wowote. Dawa yake ni kivuli cha juu: chanja cha miti au makuti kilichoegemezwa nyumbani, chenye upana wa mkeka mmoja au miwili, kikiwa wazi pande zake. Humo watu wataketi, na sehemu iliyobaki ya ua itabaki ya kuanikia nguo na kupokea mwanga.

Sita, jiko la makaa liwekwe upande upepo unakotokea kwenda nje, yaani baada ya watu, si kabla yao.

Mwenye kutaka kujua hali ya ua wake hana haja ya fundi. Baada ya alasiri na atie udi katika chetezo, akiweke chini pale watu wanapoketi, kisha autazame moshi. Ukisimama na kuzunguka, ua umefungwa. Ukiinama na kushika njia, ua unapumua. Halafu mmoja wa watu wa nyumbani atoke njiani, apite mara mbili, mchana na baada ya taa kuwashwa, aseme alichokiona. Moshi ukitembea naye asione kitu, basi mama wa nyumba hiyo amepata stara yake na nje yake kwa pamoja.

Wabillahi tawfiq.